Mjadala: Josimović aliipanga Belgrade au aliivunja?

Fundi Saruji: Wakuu, naleta hoja. Emilijan Josimović, aliyezaliwa 1823, Waserbia wanamwita baba wa mipango miji. Mwaka 1867, mwaka uleule askari wa Sultani wa Uturuki walipoiachia ngome ya Belgrade, mji mkuu wa Serbia, akatoa ramani: vichochoro vya Kituruki vifutwe, mitaa inyooshwe kwa rula, lile handaki lililouzunguka mji liwe bustani. Kwangu hiyo ni bomoabomoa tu. Na wala hakuwa msanifu, alikuwa mwalimu wa hesabu!

Kipeo cha Pili: Mwalimu wa hesabu ndiyo nini? Mimi hesabu ndiyo inayonilisha, hapa hatupiti kimyakimya. Huyo bwana alisoma Vienna, akawa mkuu wa Shule Kuu ya Belgrade, yaani chuo cha juu cha wakati huo, na 1860 alishatoa kitabu cha ujenzi wa majengo na barabara. Wewe umetoa nini zaidi ya tofali?

Fundi Saruji: Tofali zangu zina watu ndani. Nitajie nyumba moja aliyoichora.

Mama Kiwanja: Nyie mnagombea vyeti. Baada ya ile mizinga ya 1862, Waturuki walipoupiga mji kutoka ngomeni, Waislamu walitakiwa wauhame mji. Sasa viwanja vilivyokatwa na mitaa mipya vilikuwa vya nani, na nani alilipwa fidia?

Kipeo cha Pili: Nyumba walichora wasanifu akina Bugarski, kama ule ukumbi wa tamthilia wa taifa, 1869. Josimović aliupima mji. Bila vipimo hao wasanifu wako wangejenga katikati ya barabara.

Pwani Moja: Na misikiti je? Ilikuwa kwa makumi, ya zama zile umesalia Bajrakli peke yake. Nani aliibomoa kama si huyo mpenda rula?

Mzee wa Danube: Taratibu, kijana. Mimi nimesoma Belgrade enzi za Tito, rais wa Yugoslavia. Waaustria walipoushika mji, 1717 hadi 1739, waliugeuza Bajrakli kanisa, Josimović hajazaliwa. Na waliouchoma moto msikiti huo 2004 hawakushika ramani ya mtu. Ukanda wake wa kijani wenyewe, ile bustani ya handakini, haukutimia alivyoutaka, ila bustani ya Kalemegdan pale ngomeni mnayopigia picha, wazo lake limo.

Pwani Moja: Kwa hiyo tumepewa bustani tunyamaze?

Fundi Saruji: Shikamoo mzee. Lakini hujajibu, msanifu au si msanifu?

Mzee wa Danube: Marahaba. Mhandisi.

Kipeo cha Pili: Na mhandisi ni hesabu iliyovaa buti. Asante mzee.

Mama Kiwanja: Fidia, jamani.

Fundi Saruji: Mpima ardhi akimaliza anakunja kamba anaondoka, anayebaki juani ni fundi. Jina la ujenzi asilichukue.

Kipeo cha Pili: Na ukuta ukivuka mpaka wa jirani, huwa mnamwita nani?