Homa ya jioni haiishi, malaria hakuna, taifodi imeshatibiwa. Nianze dawa gani?

Mpole wa Pongwe: Wakuu, shemeji yenu ana homa inayopanda jioni, jasho usiku, kiuno na magoti vinauma. Malaria hasi. Akapimwa Widal (kile kipimo cha taifodi), akamaliza dawa za taifodi, homa ikarudi. Sasa wanasema brusela, ule ugonjwa wa mifugo unaopatikana kwa maziwa mabichi. Dozi ikoje?

Dawa Baridi: Doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni, wiki 6, pamoja na sindano ya gentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, siku 7 hadi 10. Doksi peke yake homa hushuka, kisha hurudi.

Binti Chumbageni: Chemsheni maziwa jamani! Hata mgando wa maziwa mabichi, ule ukali hauui vijidudu kwa uhakika.

Mtu wa Maabara: Dozi baadaye. Kile kipimo cha tone kwenye kigae hutoa chanya ovyo. Aombe Rose Bengal, kipimo cha kuchuja brusela, halafu serumu (maji ya damu) izimuliwe ngazi kwa ngazi: ikisoma chanya kwenye 1:160 kwenda juu pamoja na dalili, hapo tunaongea. Wasiishie mirija ya kwanza, maana kingamwili zikizidi sana husoma hasi. Damu ya kuotesha vijidudu itolewe kabla ya antibayotiki, na wataalamu waambiwe ni brusela inayoshukiwa; huota polepole na huwaambukiza. Mkuu, shemeji ni mjamzito?

Mpole wa Pongwe: Miezi mitano. Ila doksi nimeshanunua, na muuzaji kasema mitatu ya mwanzo ikipita haina neno.

Mzee wa Duga: Chai hii! Mimba ya miezi mitano inasahaulika? Lete karatasi ya majibu.

Mpole wa Pongwe: Si chai mzee. Karatasi imeandikwa "chanya" tu, namba hakuna.

Dawa Baridi: Basi futa dozi yangu. Muuzaji kageuza mambo: doksi hudhuru meno na mifupa ya mtoto hasa kuanzia miezi ya kati. Streptomaisini nayo, sindano nyingine ya brusela, hudhuru masikio ya mtoto. Mjamzito kwa kawaida hupewa rifampisini na kotrimoksazoli, wiki 6, ila kotrimoksazoli haifai akikaribia kujifungua. Apimwe TB kwanza, jasho la usiku ni lake pia. Rifampisini pekee kwa mwenye TB huzaa usugu.

Mtu wa Maabara: Brusela huharibu mimba, usingoje. Kesho hospitali ya Bombo, na maboksi ya dawa zote alizokunywa.

Mpole wa Pongwe: Doksi duka watapokea?

Mzee wa Duga: Thubutu.