Mrejesho: kijana wangu mwenye ugonjwa wa Crohn

Wenzangu, miezi mitatu nyuma niliuliza nifanyeje na kijana wangu wa miaka 16. Dawa za Crohn, huo ugonjwa wa uvimbe wa utumbo usioisha, anazo, lakini kila jambo lilikuwa "mimi siwezi, mama." Shule hataki, feri ya Likoni, hapa Mombasa, ndiyo kabisa: tumbo likimbana katikati ya maji atakwenda wapi?

Ahsanteni sana. Aliyesema "mwachie dawa zake mwenyewe" alinitia hasira, sifichi. Nikajaribu. Wiki ya kwanza alisahau mara mbili, nikauma ulimi. Sasa ana kengele kwenye simu, na kliniki anajieleza mwenyewe: maumivu, damu chooni, ameamka mara ngapi usiku. Zamani nilimsemea yote, na naona ndivyo nilivyomfundisha kwamba hawezi. Mwezi uliopita ugonjwa ulimrudia tena, ila safari hii yeye ndiye aliyesema twende kwa daktari mapema.

Aliyenishauri nikatize dawa akipata nafuu, nisamehe, sikufuata. Daktari asema nafuu yenyewe yashikiliwa na dawa.

Shule ndiyo imegoma. Tulipeleka barua ya daktari atoke kwenda chooni bila kuomba, na bado mwalimu mmoja humuuliza mbele ya darasa. Nalifuatilia.

Feri tumevuka mara mbili. Ya kwanza alinishika mkono mpaka ng'ambo. Ya pili alitangulia, nikamkuta anakula mabuyu. Jumamosi ataka kuvuka na wenzake, bila mimi.