VirtualBox, WSL2 au dual boot: ipi inafaa kukompaili WRF kwenye laptopu ya RAM GB 8?

mvua_za_vuli
Wakuu habari zenu. Naomba mawazo kabla sijamaliza bando kwa kushusha vitu nisivyovihitaji. Niko mwaka wa mwisho nasoma hali ya hewa, projekti yangu ni kuigiza Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kwa kutumia WRF (modeli ya kompyuta ya hali ya hewa), nataka nione upepo na mvua vilivyokuwa vinasogea kuelekea Mafia na pwani yetu. Laptopu yangu ni mtumba wa Kariakoo, i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD ya GB 256 na imebaki kama 120 hivi. Ina Windows 11 na siwezi kuifuta kwa sababu dada yangu anaitumia pia kwa mahesabu ya ofisini kwao. Mmoja kaniambia VirtualBox (programu ya kompyuta bandia) na Ubuntu (aina ya Linux), mwingine WSL2 (Linux inayokaa ndani ya Windows), mwingine anasema nigawe diski niweke dual boot (Windows na Linux, unachagua moja ukiwasha), na kuna aliyetaja Docker (ya kufungasha programu na maktaba zake pamoja). Nyie mnaofanya kazi hizi kila siku mngechukua ipi?

fundi_fortran
WSL2, na kwa RAM hiyo hata sifikirii mara mbili. VirtualBox ukishaipa VM (kompyuta bandia) GB 4 ndiyo umeshazitoa hizo, na Windows ikishawaka na kivinjari kiko wazi unabaki unahema. WSL2 nayo ni VM, ina kerneli ya kweli ya Linux inaendeshwa juu ya Hyper-V (mfumo wa VM wa Windows yenyewe), ila RAM inaichukua kadiri inavyohitaji, na kwa kawaida haivuki nusu ya RAM ya mashine. Unaandika `wsl --install` kwenye PowerShell umekaa kama admin, unaizima na kuiwasha, Ubuntu hiyo hapo. Jambo moja tu la kushika: kazi zote ziwe ndani ya `/home` ya Linux, usikompaili chini ya `/mnt/c`. Huko kila faili inavuka daraja kati ya Linux na Windows na WRF ina mafaili mengi sana madogo madogo, utakaa mpaka ukate tamaa.

mama_data
Mwanangu mimi nasimamia wanafunzi maabara na bado naipenda VirtualBox. Naandaa Ubuntu moja, naweka gfortran (kompaila ya Fortran), netCDF (maktaba ya mafaili ya data), MPI (ya kugawa kazi kwenye prosesa), kila kitu, nakompaili WRF mwenyewe halafu naitoa kama faili moja la .ova, naligawa kwa flash. Mwanafunzi anaingiza na kuanza kazi siku hiyo hiyo bila bando. Na kuna snapshoti, akiharibu maktaba zake anarudi nyuma kwa kubofya mara moja. Fundi umeongelea spidi, lakini kwa mtu anayejifunza kilichovunjika kurudi haraka kina uzito kuliko spidi.

bwana_kernel
Mama shikamoo, hoja yako ina nguvu hasa kwa darasa zima. Ila mvua_za_vuli aelewe kitu kimoja, hivi viwili havikai vizuri pamoja. Ukishawasha WSL2 umewasha Hyper-V, na VirtualBox ikikuta Hyper-V imeshashika prosesa inalazimika kupita humo humo. Angalia chini kulia kwenye dirisha la VM, utaona alama ya kobe wa kijani badala ya ile V ya kawaida. Ukimwona kobe ujue umepoteza spidi nyingi. Kwa hiyo chagua moja. Ukiamua VM kamili, kuna pia VMware Workstation Pro ambayo toka Novemba 2024 ni bure hata kwa kazi za biashara, na vyovyote vile ingia BIOS kwanza uhakikishe VT-x (uwezo wa prosesa kuendesha VM) imewashwa, laptopu nyingi za mtumba inakuja imezimwa.

mvua_za_vuli
Shikamoo mama, asanteni wote. Swali: data za GFS (modeli ya utabiri ya dunia nzima) za kuanzishia WRF nimezishusha chuoni ziko kwenye folda ya Windows. Nikienda na VirtualBox siwezi kuifanya iwe shared folder nikafanyia kazi humo humo, nisizinakili mara mbili? Diski ndiyo tatizo langu kubwa.

fundi_fortran
Kuzisoma kutoka humo sawa, ila kufanyia kazi humo utakwama mapema sana kaka. WPS (programu za kuandaa data za WRF) na WRF zinaishi kwa symlink (njia ya mkato inayoelekea faili jingine). `link_grib.csh` kazi yake yote ni kutengeneza symlink zinazoitwa GRIBFILE.AAA, GRIBFILE.AAB na kuendelea, Vtable (jedwali la kutambua data) unaiweka kwa `ln -sf`, na ukiingia folda ya em_real hata wrf.exe yenyewe ni symlink inayoelekea `main`. Sasa shared folder ya VirtualBox kwenye Windows kwa kawaida inakataa kabisa kutengeneza symlink. Unaendesha ungrib (sehemu ya WPS inayofungua data za GFS), inakwambia faili haipo wakati unaiona kwa macho, unaanza kulaumu data zako bure. Weka folda ya kazi ndani ya diski ya Linux, data ziache huko nje, symlink ziwe ndani zikielekea nje, hapo hunakili chochote.

nyota_ya_ziwa
Mimi niko Mwanza na naendesha WRF kwa mvua za ziwa, nipo upande wa dual boot. Prosesa yote na RAM yote ni yako, na simulesheni ikikimbia usiku kucha hutaki Windows iamue kufanya apdeti ikajizima katikati. Ila kwa laptopu ya watu wawili naona ugumu, kila dada akiihitaji lazima usimamishe kazi uzime. Chochote utakachochagua weka `restart_interval` kwenye namelist.input (faili la mipangilio ya WRF), iko kwa dakika, mimi naweka 360. Umeme ukikatika unaanzia kwenye faili la wrfrst la mwisho badala ya kuanza saa sifuri. Na data za jiografia za WPS ukichukua seti nzima ya rezolusheni kubwa inafika karibu GB 29 ikishafunguliwa, ya rezolusheni ndogo ni nyepesi mno, ianze hiyo ya kujaribia.

kaka_mpi
Docker kwenye Windows inapita WSL2 hiyo hiyo kwa hiyo hujakwepa kitu, umeongeza tabaka tu. Ningeifikiria kama mwisho wa safari ni klasta ya chuo, na hata huko wengi hawaruhusu Docker kwa sababu ya mambo ya root, wanatumia Apptainer, ile iliyokuwa inaitwa Singularity. Onyo langu lingine ni kuhusu conda, njia nyingine ya kusakinisha programu tofauti na apt ya Ubuntu. Usichanganye gfortran ya apt na netCDF ya conda. Faili za .mod zinategemea toleo la kompaila iliyozitengeneza, utapata ujumbe kwamba moduli imetengenezwa na toleo tofauti la GNU Fortran na hapo watu wanapoteza wiki. Chagua nyumba moja. Mimi nakompaili netCDF-C na netCDF-Fortran mwenyewe kwenye folda moja, halafu `export NETCDF` inaelekea hapo, maana WRF inataka `lib` na `include` zikae pamoja na apt ya Ubuntu inazitawanya.

mvua_za_vuli
Nimeenda na WSL2. Maktaba zimepita zote ila WRF inakufa katikati, mwisho wa log nimeona `Killed signal terminated program f951`. Nilitumia `-j 4`.

fundi_fortran
f951 ndiyo kompaila yenyewe ya Fortran, kerneli imeiua kwa kukosa RAM. WSL yako ina GB 4 tu na umeiambia ikompaili faili nne kwa mpigo. Tengeneza faili `.wslconfig` kwenye folda yako ya mtumiaji ya Windows, ndani yake andika:

[wsl2]
memory=6GB
swap=8GB

kisha `wsl --shutdown`, fungua tena, `./clean -a`, `./configure`, halafu `./compile -j 1 em_real >& log.compile`. Funga kivinjari. Itachukua muda mrefu, iache ifanye kazi.

mvua_za_vuli
Imekubali!! Kwenye `main` nazo zote nne: wrf, real, ndown, tc. Asante sana fundi, Mungu akubariki.

mama_data
Hongera mwanangu. Sasa kabla hujagusa kingine chochote funga Ubuntu, nunua au azima hard disk ya nje na uandike `wsl --export Ubuntu` ukifuatisha njia ya faili la .tar huko kwenye hard disk. Hiyo ndiyo snapshoti yako, na mwenzako darasani anaweza kuiingiza kwa `wsl --import`. Ujue pia diski ya WSL inatanuka lakini ukifuta matokeo hairudi kuwa ndogo yenyewe, inabidi uibane kwa diskpart, kwa hiyo faili za wrfout zihamishie nje mapema.

nyota_ya_ziwa
Na ukianza kuendesha `wrf.exe` ikafa kwa segmentation fault sekunde za mwanzo, jaribu `ulimit -s unlimited` kwanza. Ikiendelea kufa angalia `time_step`, isizidi mara sita ya ukubwa wa gridi kwa kilomita, yaani gridi ya km 9 ni sekunde 54 kushuka. Weka namelist yako hapa tuiangalie.