Mnatuuzia SUV zenye rodi za usukani za kuchomelea, mnapaka rangi nyeusi, halafu risiti inasema "kama lilivyo"!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha, mnivumilie.

Ukiuziwa gari lenye injini mbovu utaumia mfukoni, utafungua injini, maisha yatasonga. Sasa huyu anayekuuzia gari ambalo rodi ya usukani (fimbo ya chuma inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi) ilishakatika, ikachomelewa, ikapakwa rangi nyeusi usiione, anajua kabisa kwamba siku itakapoachia utakuwa barabarani na watu ndani. Anajua, na hela anapokea.

Jina la yadi sitalitaja, na aina ya gari langu sitaitaja, maana suala bado halijaisha na sitaki wapate pa kunishikia. Jueni tu kwamba ni SUV ya miaka ya tisini, mtumba wa Japani, ile mifumo ya zamani ya stelingi boksi (boksi la gia linalosukuma tairi kupitia fimbo kadhaa), siyo raki (fimbo moja yenye meno). Niliambiwa limefanyiwa servisi yote, chini halina tatizo, "panda uende hata Mbeya".

Tulikuwa tunatoka Morogoro kurudi Dar: mimi, mke wangu, watoto na mama mkwe. Tulipofika Chalinze nikakata kona kuingia sheli. Usukani ukalegea ghafla mkononi. Tairi la kulia likakata, la kushoto likabaki linaangalia kulekule lilikokuwa linaangalia, gari likaburuzika na kupanda ukingo wa mtaro. Nilikuwa nimeshapunguza mwendo kwa sababu ya kuingia sheli, na hiyo ndiyo sababu pekee ya mimi kuwa hapa naandika. Muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa tunapishana uso kwa uso na malori ya kwenda Zambia na Kongo. Kila nikifikiria rodi ile ingeachia pale, naishiwa maneno.

Fundi wa pale Chalinze akaingia chini. Akafuta grisi kwa kitambaa na petroli, akachukua bisibisi akaanza kukwangua ile rodi ya katikati, inayounganisha mkono wa stelingi boksi na tairodi (vile vifimbo vinavyokata tairi) za pande zote mbili. Rangi nyeusi ikabanduka kwa maganda. Chini yake kuna mshono wa kuchomelea umezunguka rodi nzima, umesagwa kwa grainda ukalainishwa ili ufanane na chuma kingine. Akaniita niangalie palipokatika. Sehemu kubwa ya mpasuko ilikuwa na kutu ya kahawia, maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi unaingia polepole. Palipong'aa, yaani chuma kilichokatika siku ile ile, ni kipande chembamba kama ukucha. Hicho ndicho kilichokuwa kimeshika familia yangu yote.

Na linaloniuma zaidi ni hili. Tangu nililipochukua, gari lilikuwa linavuta kushoto na kula tairi upande mmoja. Nikalipeleka kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa mwelekeo wa tairi, gari likawekwa juu ya shimo, fundi akawa chini yake na taa mkononi, akilegeza na kukaza tairodi. Macho yake yalikuwa sentimita chache kutoka kwenye ule mshono. Akatoka akaniambia "liko sawa bosi, ni alaimenti tu", akachukua hela yake. Halafu kwenye kioo cha mbele kuna stika inayosema gari limekaguliwa. Nani alilikagua? Alikagua nini? Aliinama hata mara moja akaangalia chini?

Nilipompigia muuzaji akanijibu: "Gari la zamani hilo, ulitegemea nini?" Kisha akanikumbusha risiti imeandikwa limeuzwa kama lilivyo, yaani ubovu ukionekana ni juu yangu.

Hapo kwenye "gari la zamani" ndipo ninapotaka tuelewane, maana hicho ndicho kichaka wanachojificha. Uzee wa gari ni jambo moja na ubovu wa usukani ni jambo jingine, na dunia inalijua hilo miaka mingi. Chukua kesi ya Toyota Hilux Surf, gari ambalo sote hapa tumelipanda. Agosti 2004 kule Kumamoto, Japani, Hilux Surf ilikosa usukani ikagongana uso kwa uso na gari lililokuwa linakuja, watu watano wakajeruhiwa. Rodi ya katikati ilikatika. Oktoba mwaka huo huo Toyota ikatangaza kuyaita magari takriban 330,000 ya familia ya Hilux, zikiwemo Hilux Surf, nchini Japani, yale ya mwishoni mwa miaka ya themanini hadi 1996, kubadilishiwa rodi hiyo bure. Yalikuwa magari ya zamani tayari wakati huo! Hakuna aliyewaambia Wajapani "mlitegemea nini".

Marekani nako hawakuambiwa mapema. Mwanzoni Toyota ilidai tatizo hilo halijaonekana kwenye magari ya huko. Septemba 2005 ndipo ilipoyaita magari zaidi ya 970,000, zikiwemo 4Runner, ambazo ni ndugu wa Hilux Surf, pamoja na pikapu. Baadaye mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ikaichunguza Toyota kwa kosa la kuchelewa kuyaita magari hayo, na Desemba 2010 Toyota ikakubali kulipa faini ya dola milioni 16.05 kwa suala hilo la rodi peke yake.

Sasa niulize: hizo Hilux Surf zilizopakiwa melini kuja Mombasa na Dar, zilibadilishwa rodi kabla ya kuondoka? Nani aliuliza? Mnunuzi wa hapa alipewa karatasi gani? Mimi nimezungukia yadi nyingi, sijawahi kumwona muuzaji anayemwonyesha mteja kama namba ya chesisi (namba ya utambulisho wa gari) ina tangazo la mtengenezaji la kuitwa kurekebishwa au haina. Karatasi ya mnada wa Japani yenyewe, ile inayoeleza hali ya gari, ukiiomba unaambiwa imepotea.

Na sababu ya rodi zile kukatika inatuhusu sana sisi. Ufa huanza pale usukani unapozungushwa kwa nguvu nyingi tena na tena, gari likiwa limesimama au linajivuta, kama unapopaki sehemu finyu na kukata hadi mwisho. Sasa Kariakoo tunapaki vipi? Ongeza barabara za makorongo, ongeza tairi pana ambazo watu wanafunga kwa urembo, ongeza gari lililonyanyuliwa kwa springi za kubahatisha. Mzigo wote huo unaishia kwenye fimbo moja ya chuma.

Ndiyo maana kuchomelea rodi ya usukani ni kitu ambacho hakitakiwi kufanyika kabisa, na mafundi wanaofanya hivyo wanajua. Chuma kile kimefuliwa kiwandani kwa kipimo chake. Ukikipiga moto wa kuchomelea, pembeni ya mshono kinakuwa kigumu lakini chepesi kupasuka, na hapo ndipo ufa mpya unapoanzia. Kinaweza kushika wiki, kinaweza kushika mwaka, kisha kinaachia bila kukuaga. Sisemi fundi mwenye njaa hana shida zake. Nasema kama hela ya spea haipo, gari lilale gereji.

Jambo jingine, acheni kutuchanganya na neno "pawa", yaani mfumo wa mafuta unaorahisisha usukani. Kila tatizo la usukani fundi anasema ni pawa. Pampu ikifa, mkanda ukikatika au mafuta yakivuja, usukani unakuwa mzito, unakuchosha mikono, lakini tairi bado zinakutii. Usukani unaocheza, unauzungusha kidogo na gari halijibu, au gari linatangatanga barabarani hadi uwe unalirudisha kila saa, huo ni uchovu wa viungo: tairodi endi, boljointi, bushi, stelingi boksi yenyewe. Hapo kuongeza mafuta ya pawa hakusaidii kitu.

Anayetaka kununua SUV ya zamani, usikubali kuiangalia juu juu tu pale yadi huku unaonyeshwa redio na viti vya ngozi. Peleka kwenye shimo, kwa fundi wako, siyo wa kwao. Oshesha chini kwanza, maana grisi na rangi ndizo zinazoficha. Mtu mmoja akae ndani atikise usukani kulia na kushoto kidogo kidogo, mwingine awe chini ameshika kila kiungo kwa mkono. Kinachocheza utakisikia kwenye vidole. Nyanyua tairi la mbele, lishike kulia na kushoto ulitikise, kisha juu na chini. Ukiona chuma kimoja kina rangi mpya na majirani zake wote wana kutu, kikwangue mbele ya muuzaji. Akikuzuia kukwangua, ondoka. Kuhusu namba ya chesisi, msihangaike na tovuti ya Wamarekani kwa magari yaliyouzwa Japani, namba zetu fupi haizitambui. Tafuteni kwenye kurasa za mtengenezaji za Kijapani, kutafuta ni bure.

Majirani zetu Kenya hawaruhusu mtumba uliozidi miaka minane. Sitaki tufike huko, wengi wetu tungetembea kwa miguu. Lakini sisi gari likizeeka tunatozwa kodi ya uchakavu bandarini. Tunalipia huo uzee, kwa hiyo tuna haki mtu aangalie usukani kabla gari halijapewa namba na kuuzwa kwa mtu mwenye watoto.

Kipande kilichokatika ninacho, na mshono wake, na picha fundi alizopiga akiwa chini ya gari. Muuzaji ametuma mtu kuja kukichukua "akakiangalie", nimekataa. Nimeambiwa Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Mwenye kuwahi kupeleka kesi ya gari pale anieleze alianzia wapi, alidaiwa nyaraka gani, na kama ile sentensi ya "kama lilivyo" ilimzuia au haikumzuia. Na kama kuna mwanasheria humu, je, mtu aliyesaga mshono na kuupaka rangi anaweza kujitetea kwamba hakujua? Nijibuni, nataka nipeleke wiki hii.