Programu za benki kwenye simu: mnatutengenezea sisi au mnawatengenezea mabosi wenu?

Wakuu, nina hasira na leo naimwaga hapa. Programu ya benki yangu imekata hela ya kodi ya kiwanja, na mpaka naandika haijaniambia kama hela imefika serikalini, imerudi, au inaelea. Jina la benki naliacha makusudi. Nikiongea na watu mtaani, kila mmoja na benki yake, kilio ni hichohicho. Ninachotaka tukiseme ni jinsi hizi programu zinavyobuniwa.

Namba ya malipo ya serikali ina tarakimu 12, ilikuja kwa meseji. Nikainakili, nikafungua programu, namba ya siri, Malipo, Malipo ya Serikali, nikabonyeza kisanduku nibandike. Wapi! Wamezuia kubandika. Nikatoka kuisoma meseji, nikakariri tarakimu nne za mwanzo, kurudi nakuta programu imejifunga, inadai namba ya siri upya, na kila nilichojaza kimefutika: kiasi, maelezo, namba ya simu ya kutumiwa risiti. Ikabidi nitafute kalamu na karatasi. Simu janja iko mkononi na mtu anatafuta kalamu ili alipe kwa simu!

Ukiwauliza wanasema ni usalama. Usalama gani? NCSC, kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha Uingereza, kiliwaambia wenye tovuti tangu 2017 waache watu wabandike hata nywila, sembuse namba ya malipo ambayo wala si siri. Mkizuia, mnamlazimisha mtu achape tarakimu moja moja kwa kidole gumba, ndani ya daladala, kwenye kioo chenye ufa. Kwenye namba ya malipo akikosea huenda akaambiwa haipo. Kwenye namba ya akaunti anaweza kumtumia mtu asiyemjua.

Kunidai namba ya siri nikirudi, sawa, hela ni yangu na nataka ilindwe. Lakini kunifutia nilichojaza kunamlinda nani? Simu nyingi tunazonunua huku zina RAM ndogo, yaani nafasi ya kuendeshea programu kwa wakati mmoja. Ukitoka kidogo kusoma meseji, mfumo wa simu unaweza kuiua programu uliyoiacha nyuma ili upate nafasi. Hili kila mtengenezaji wa Android analijua, na njia ya kuhifadhi kilichojazwa kabla ukurasa haujafungwa wamepewa miaka mingi. Wasipoitumia, naamini ni kwa sababu simu zilizo mezani kwao ni za bei mbaya, hawajawahi kuona fomu ikifutika.

Haya, nikalipa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu: "Samahani, kuna hitilafu. Tafadhali jaribu tena." Hapo ndipo presha ilipopanda. Nijaribu tena nini, kama ya kwanza imeshakwenda? Dakika haijaisha meseji ikaingia kwamba akaunti imekatwa. Narudi kwenye programu, orodha ya miamala haina kitu, risiti hakuna. Huduma kwa wateja nikapigiwa muziki mpaka salio la simu likakaribia kuisha, kisha dada wa watu akaniambia nisubiri siku za kazi. Simlaumu. Naye alikuwa anaangalia skrini isiyomwambia chochote.

Mwaka 1994 mtaalamu wa ubunifu wa mifumo, Jakob Nielsen, alitoa kanuni kumi za kubuni mifumo inayotumika kirahisi, na ya kwanza kabisa ni hii: mfumo umwoneshe mtumiaji muda wote nini kinaendelea. Zaidi ya miaka 30! Malipo yana hali tatu tu ambazo mteja anazihitaji: hayajatoka, yametoka lakini hayajathibitishwa, yamefika. Kila hali iandikiwe maneno yake. "Malipo hayakufanyika, salio lako halijaguswa." Au: "Malipo yametoka, tunasubiri uthibitisho, usilipe tena, kumbukumbu yake ni hii." Mtandao ukikatika katikati, ukirudi tu programu iulize seva, yaani kompyuta kuu ya benki, ule muamala umefikia wapi. Na kila ombi lipewe namba yake ya pekee tangu kitufe kinapobonyezwa, ili hata mtu akibonyeza mara mbili kwa wasiwasi hela ikatwe mara moja. Mambo haya ni ya kawaida kabisa kwenye kazi ya kutengeneza mifumo ya malipo, msije mkaniambia teknolojia haijafika.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na 2008 ikaja kwetu Tanzania, kwenye vitochi, kwa menyu ya namba tupu. Mtu anatuma, inakuja meseji yenye kiasi, kumbukumbu ya muamala na salio lililobaki. Bibi kijijini anaitunza ile meseji kama risiti na akibishiwa anaionesha. Menyu zile nazo zina kero zake, ukichelewa kuchagua zinakukata. Lakini hazikuachi gizani kuhusu hela yako. Leo tuna vioo vya rangi, picha zinazoteleza na matangazo ya mikopo kila kona, halafu jibu la "hela yangu iko wapi" halipo.

Mama yangu mkubwa ana programu hiyohiyo. Macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo amekuza maandishi kwenye mipangilio ya simu. Akifika ukurasa wa mwisho, maandishi yaliyokuzwa yanakisukuma kitufe cha "Thibitisha" chini nje ya skrini, na ukurasa hauteremki. Hawezi kulipa. Anampa mjukuu simu na namba ya siri juu. Huo ndio usalama mnaousema? Mwongozo wa Google unataka kitu cha kubonyeza kiwe na upana wa dp 48 (dp ni kipimo cha skrini za Android), kama milimita 9 hivi, na nyie mnaweka kimshale cha kurudi ambacho ni lazima uchonge kidole.

Nielsen huyohuyo aliandika mwaka 2000 kwamba ukijaribisha na watu watano tu utaona sehemu kubwa ya matatizo. Watano! Nendeni Kariakoo na simu ya bei ya chini, washeni data ya kawaida badala ya Wi-Fi ya ofisini, mpeni muuza vitenge alipie kitu, kisha mnyamaze mtazame.

Watengenezaji mpo humu, nyuzi zenu nazisoma. Nijibuni: nani anaamua kuzuia kubandika, nyie au idara ya usalama ya benki? Na ile "jaribu tena" nani anaiandika? Wenye kero kama yangu wekeni picha za skrini, ila ficheni namba za akaunti na salio.