Naombeni ushauri: nimepewa mwaliko wa kuonja waini Masaki na mimi ni mtu wa bia

Mkazi_wa_Kimara
Wakuu salama? Iko hivi, bosi wangu alialikwa kwenye hafla kubwa ya kuonja waini hoteli moja Masaki Jumamosi hii, mwaliko wa watu wawili, sasa kapata safari ya ghafla kanirushia mimi, eti nenda ukaniwakilishe wateja wetu watakuwepo. Kadi inasema waini zaidi ya 40, za Ufaransa, Italia, Afrika Kusini mpaka za Dodoma, kuanzia saa kumi jioni. Jamani mimi waini nimekutana nayo harusini zile tamu za boksi na dompo kidogo enzi za chuo, basi. Nisichotaka ni kuonekana mshamba mbele ya wateja. Nivae nini, nianzie meza ipi, na hivi ni kweli watu wanatema? Matusi hapana, nawasilisha.

Mnyonge wa Buza
Mkuu pombe ni pombe tu hata ukiinywea Masaki. Mwambie bosi dini haikuruhusu, tiketi nipe mimi.

Kizibo Mkavu
Mleta uzi achana na huyo hapo juu, nisikilize mimi maana hizi shughuli nimezihudumia miaka nikiwa mhudumu wa hoteli.

Kula kabla hujatoka nyumbani, namaanisha kula, wali na maharage sahani imejaa, sio chipsi za njiani. Vile vipande vya mkate na jibini utakavyovikuta ni vya kusafishia mdomo, ukivitegemea vikushibishe utalala njaa. Halafu piga hesabu, kila meza wanakumiminia kama mililita 30 hivi, unaona kidogo, ila waini 40 mara 30 ni 1,200, na chupa nzima ni mililita 750, kwa hiyo ukimeza zote umekunywa zaidi ya chupa moja na nusu peke yako, na waini nyingi zina asilimia 12 hadi 15 sio zile 5 za bia yako. Ndio maana watu wanatema. Kila meza kuna ndoo, unaonja unaizungusha mdomoni unatema humo, iliyobaki kwenye glasi unamwaga humo humo. Hakuna atakayekushangaa.

Anza na zenye mapovu, nenda nyeupe, kisha za pinki, nyekundu, zile tamu na nzito mwishoni kabisa. Ukianza na nyekundu nzito ukarudi kwenye nyeupe utaona kama unakunywa maji. Glasi ishike kwenye mguu wake, mkono una joto na nyeupe inatakiwa ibaki ya baridi. Na perfyumu usipake kabisa, hasa yale mafuta ya kupimiwa Kariakoo, kazi nusu ya pale ni kunusa sasa ukipita wewe watu meza nzima wananusa udi.

Mzee wa Tegeta
Kutema kinywaji cha watu ni dharau, mtu kakukaribisha. Mimi siwezi.

Kizibo Mkavu
Mzee wangu shikamoo, lakini wenye mashamba yenyewe wanatema, ndio kazi yao, wangekuwa wanameza wangeonja vipi mapipa yote asubuhi moja? Ukiipenda sana hiyo moja meza, hakuna anayekukataza.

Dada wa Ilazo
Mimi nyumbani Dodoma, naomba nisisitize kitu kimoja, usiipite meza ya kwetu kwa kujifanya unawahi za Ufaransa. Waulize wana Makutupora, hiyo ni zabibu nyekundu ya kwetu, au Chenin Blanc, hii asili yake Ufaransa bonde la Loire ila Dodoma inakubali vizuri. Mizabibu ililetwa na wamisionari, na kwa jua lile tunavuna mara mbili kwa mwaka wakati Ulaya wanavuna mara moja. Hayo waambie wateja wako, wengi wanaoishi Masaki hawajui hata kama kuna shamba la zabibu nchi hii, wanajua dompo tu. Inaniumaga sana hii.

Mkazi_wa_Kimara
Asanteni sana, dada asante. Sasa swali, mteja akiniuliza unaionaje hii nasema nini? Nimeona video za wale wanaosema ina harufu ya ngozi na tumbaku nikachoka.

Kizibo Mkavu
Usiwaigize. Sema unachokisikia mdomoni. Kali kama ndimu? Hiyo ni asidi. Inakausha ulimi kama chai ya rangi iliyolala na majani kwenye birika? Hiyo ni tanini, inatoka kwenye maganda ya zabibu. Halafu geuza swali kwa anayemimina, zabibu gani hii, imekaa kwenye pipa muda gani, wanapenda mno kuulizwa na wewe unapumzika kuongea. Ukifika meza ya Afrika Kusini omba Pinotage, ni zabibu waliyoizalisha wenyewe Stellenbosch mwaka 1925, Profesa Perold alichanganya Pinot Noir na Cinsaut, stori hiyo inatosha kukaa na mteja dakika kumi. Na mwaka ulioandikwa kwenye chupa ni mwaka wa mavuno, usidhani ya zamani ndiyo nzuri, nyingi zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache.

Mapovu nayo usiyaite yote shampeni, shampeni inatoka mkoa wa Champagne tu, ya Italia kuna Prosecco. Wenye meza huwa wanakausha uso ukichanganya.

Mama Wawili
Nguo kaka usivae shati jeupe, kwenye ile ndoo wanatema watu wazima na si wote wana shabaha. Shati la rangi ya giza, suruali ya kitambaa, inatosha. Nafasi ya pili mpeleke mkeo hata kama hanywi, atakukumbusha kunywa maji.

Mnyonge wa Buza
Au mimi.

Mkazi_wa_Kimara
Hahaha wife kashakubali, mkuu pole. Gari naacha nyumbani. Nikipenda chupa nanunua pale pale?

Kizibo Mkavu
Uliza bei kwanza ndio usifie, sio kinyume chake. Ukinunua ingia nayo ndani ya teksi ukae nayo, usiitupe kwenye buti halafu mkapitia sehemu mkakaa masaa mawili, joto la Dar hili waini inaiva. Ukifika kimara ilaze kwenye kabati lenye giza mbali na jiko.