Kura za urais Marekani 2016: Clinton alipata kura nyingi, Trump akashindaje?

Jamani wanangu, salaam. Vijana wananibana na hili swali kila uchaguzi ukikaribia. Mwenye kulijua atufafanulie, na aseme sisi wa grinikadi (wakaazi wa kudumu wa Marekani, bado si raia) linatugusa vipi.

—

Shikamoo Mama. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe 538 waliogawanywa kwa majimbo, na mshindi anahitaji 270. Isipokuwa Maine na Nebraska, anayeongoza jimboni hata kwa kura moja huzoa wajumbe wote. Clinton alimzidi Trump kwa kura karibu milioni 2.9 nchi nzima, lakini California peke yake alimzidi kwa zaidi ya milioni 4, na ziada hiyo haikumwongezea mjumbe hata mmoja. Trump alichukua Michigan kwa kura 10,704, Wisconsin kwa 22,748, na Pennsylvania kwa zisizofika 45,000. Majimbo hayo matatu yalikuwa na wajumbe 46. Clinton angeyapata, wajumbe 232 aliowapata wangefika 278. Kwa hiyo raia mwenzetu anayeishi Milwaukee (Wisconsin) au Detroit (Michigan) asiseme kura yake haina uzito.

Na kura za maoni, yaani utafiti wa kuwauliza watu watampigia nani, zile za kitaifa hazikukosea sana. Zilizoteleza ni za majimbo: nyingi hazikusawazisha idadi ya waliohojiwa kwa kiwango cha elimu. Wenye digrii hukubali zaidi kuhojiwa, na mwaka ule wengi wao walikuwa upande wa Clinton.

—

Ahsante kaka. Naongezea la grinikadi, maana hapa watu huumia. Usipige kura ya rais, na usijiandikishe. Mtego uko kwenye ofisi ya leseni ya udereva: fomu huuliza kama wewe ni raia na kama unataka kuandikishwa. Soma kisanduku kwa kisanduku kabla ya kutia sahihi. Kudai uraia usio nao kunaweza kukurudisha nyumbani, na fomu ya N-400, ya kuomba uraia, inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha. Ikiwa limeshatokea, muone wakili wa uhamiaji kabla hujaijaza.

N-400 hupelekwa mapema hadi siku 90 kabla ya kutimiza miaka 5 ya grinikadi. Safari moja nje ya Marekani ya zaidi ya miezi 6 inaweza kukata hesabu hiyo. Mkenya anaruhusiwa uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Mtanzania apime kwanza, kwa sababu mtu mzima akichukua wa Marekani anapoteza wa Tanzania.

Ukishaapa kuwa raia, jiandikishe mara moja: baadhi ya majimbo hufunga daftari siku 30 kabla ya uchaguzi.